Msituletee Sufuria Tupu

Saa nne asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari, wanafunzi wapatao 40 wamekaa wakitazama ukuta. Projekta inamulika mstari wa bluu unaotambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Umefika asilimia 38, na hapo umegota tangu saa tatu na robo.

Ilikuwa Jumatatu ya makabidhiano na mmoja wetu alialikwa. Shule ilikuwa inapokea kisanduku cheusi, hakizidi mche wa sabuni, ambacho kingegawa vitabu, video za masomo na mazoezi kwa kompyuta zote za shule bila shule kuhitaji intaneti. Ndiyo sifa iliyoandikwa kwenye barua ya wafadhili. Kisanduku kikachomekwa kwenye umeme, taa ya kijani ikawaka, kikaanza kazi yake kwa kutafuta intaneti.

Fundi, kijana mstaarabu aliyekuja na basi la alfajiri, akafungua intaneti ya simu yake. "Bado kidogo, mwalimu," alisema mara tatu. Mara ya nne akauliza kama kuna duka la vocha jirani, maana bando limekata. Makamu mkuu wa shule, mama wa makamo anayefundisha hisabati, akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu," akasema, "umetuletea sufuria. Wali uko wapi?"

Darasa likacheka, na kijana naye akacheka, ingawa cha kwake kilikuwa kicheko cha aibu. Hatukitaji kisanduku hicho wala aliyekitengeneza, kwa sababu ugonjwa si wa mmoja. Tumeuona kwenye zahanati, kwenye maghala ya mazao, kwenye maduka yanayouziwa mashine za mauzo. Kifaa kinafika kimefungwa vizuri, kina nembo, kina dhamana ya mwaka, na ndani yake hakina kitu.

Msimamo wetu ni huu. Kifaa kinachouzwa au kutolewa msaada kama kilichokamilika sharti kiwashwe mara ya kwanza bila intaneti na kifanye kazi yake. Kama hakiwezi, hakijakamilika, na asipatikane mtu wa kukitilia sahihi.

Tueleze kilichotokea darasani. Ndani ya kisanduku mlikuwa na mfumo endeshi, yaani Linux iliyopunguzwa na kusukwa upya kwa ajili ya kazi hiyo moja. Mifumo ya aina hii husukwa kwa zana kama Buildroot au Yocto: fundi anachagua kerneli, yaani kiini cha mfumo, anaongeza programu chache za lazima, na mwisho anapata faili moja linaloandikwa kwenye memori kadi. Hayo yote yalifanyika, tena vizuri. Lakini programu zenyewe, yaani maktaba ya video, hifadhidata na ukurasa wa kuingilia, hazikuwamo. Zilikuwa kwenye kontena, na kontena zilikuwa ng'ambo.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanalijua kontena la bandarini. La kompyuta lilistahili kuazima jina hilo. Mwaka 2013, Solomon Hykes alipanda jukwaani kwenye mkutano wa PyCon huko Santa Clara, Marekani, akaonyesha kwa dakika chache chombo kinachoitwa Docker. Kutenga programu ndani ya Linux kulikuwapo kabla yake. Alichoongeza ni urahisi wa kufunga na kusafirisha. Unaifunga programu pamoja na vikorokoro vyake vyote, unapata kifurushi kimoja, na kifurushi hicho kinafunguka vilevile Arusha, Bujumbura au Muscat. Kikiwa kimelala diskini, mafundi wanakiita imeji. Kikiwashwa ndipo kinakuwa kontena. Imeji huhifadhiwa kwenye maghala ya intaneti, maarufu kati ya hayo likiwa Docker Hub, na kifaa kikihitaji programu kinakwenda ghalani kuivuta.

Utaratibu huo ulizaliwa kwenye vituo vya data, ambako seva na ghala vinaunganishwa na nyaya nene na kuvuta imeji ni suala la sekunde. Aliyekulia hapo hana kosa kwa kuamini kwamba imeji ipo daima. Mwenye kisima uani haelewi kwa nini jirani yake anaweka mapipa ya maji chini ya michirizi ya bati. Tatizo linaanza pale mwenye kisima anapopewa kazi ya kumjengea nyumba huyo jirani.

Hesabu za jirani ni hizi. Tuseme imeji zote za kisanduku kimoja zina gigabaiti moja na nusu, kiasi cha kawaida kabisa. Mtandao wa simu ukitoa megabiti 2 kwa sekunde bila kuyumba, kuzivuta kunachukua dakika 100. Peleka visanduku hivyo katika shule 40 na mmeshusha gigabaiti 60, kitu kilekile mara 40, kila mara kwa bando la mtu. Aliyetengeneza angevuta mara moja tu, karakanani kwake, usiku amelala.

Na hapo tumedhani ghala litakubali. Novemba 2020, Docker Hub iliweka ukomo kwa wavutaji wasiojitambulisha: mara 100 kwa kila saa sita, kwa kila anwani ya intaneti. Mia moja ni nyingi ukiwa na anwani yako. Lakini mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wanaogawana mita moja ya Luku. Wasiokujua wakivuta asubuhi, wewe unakuta ukomo umefikiwa mchana, na kisanduku chako kinaandika ujumbe wa makosa ambao mwalimu wa hisabati hana sababu ya kuuelewa.

Kuna na jambo dogo zaidi, ambalo limewasumbua mafundi wengi kabla hawajaligundua. Bodi za Raspberry Pi, zinazotumika sana katika visanduku hivi, hazikuwa na saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukizimwa. Ya kwanza kuja nayo ni Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023, na betri ya saa hiyo inauzwa kando. Bodi iliyokaa stoo miezi minne inaamka ikiamini kwamba leo ni siku ile ilipozimwa, au siku mfumo wake uliposukwa. Inakwenda ghalani, ghala linaonyesha cheti cha usalama kilichotolewa mwezi uliopita, bodi inakikataa: cheti hiki kimetoka siku ambayo haijafika! Ili ipate saa sahihi inahitaji kuiuliza seva ya saa mtandaoni, na ruta ya shule ikiwa imefunga njia hiyo, safari imeishia hapo. Bando lipo na mnara uko jirani, lakini kisanduku kinabishana na kalenda.

Tusisahau nyaya za baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikaonja kasi ya kobe kwa siku kadhaa. Februari ya mwaka huohuo nyaya nyingine zilikatika katika Bahari ya Shamu. Januari 2021 Uganda ilizimiwa intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Kila wiki ya aina hiyo kuna mahali kisanduku kipya kinafunguliwa, na mgonjwa au mwanafunzi anaambiwa asubiri.

Sasa tazama jinsi kazi inavyoweza kufanywa, na jinsi hata wanaoijua wanavyopima mambo. Home Assistant ni programu huria ya kusimamia taa, vipoza hewa na vifaa vingine vya nyumbani, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Mfumo endeshi wake unasukwa kwa Buildroot, na ndani ya usukaji huohuo kuna hatua ya pekee. Imeji za kontena zinavutwa kwa zana iitwayo skopeo, kisha zinapakiwa kwenye sehemu ya data ya diski kabla faili la mwisho halijatoka. Kontena la msimamizi, la majina ya mtandao, la sauti na mengineyo yanazaliwa yakiwa ndani ya mfumo. Huko ndiko kupakia imeji mapema tunakokusema.

Lakini programu kubwa yenyewe, ile anayoitaka mtumiaji, kwa muda mrefu ilibaki nje ya toleo la kawaida. Mahali pake pakawekwa imeji ndogo inayoonyesha ukurasa wa kumwomba mtumiaji asubiri wakati ile kubwa inashushwa. Wana sababu. Programu hiyo hutoa toleo jipya kila mwezi, hivyo iliyopakiwa leo inachakaa kesho kutwa, na faili la mfumo linanenepa bure. Kwa mtu wa Amsterdam mwenye nyuzi za fiba ukutani, huo ni uamuzi wa busara. Anakunywa kahawa, akirudi nyumba imeamka. Lakini utaratibu huohuo ukipelekwa bila kubadilishwa kwenye zahanati ya Ukerewe, ukurasa wa kusubiri unageuka kuwa huduma yenyewe. Mfumo uliosukwa kwa ajili ya mtu mmoja si lazima umfae mwingine, na ndiyo maana tunasuka wetu.

Njia za kupakia mapema ziko mbili, na tofauti yake ni nani anayebeba mzigo.

Njia ya kwanza ni rahisi kwa fundi. Anazihifadhi imeji kama mafaili kwa amri ya docker save, anayaweka ndani ya mfumo, kisha anaandika hati fupi ya kuyafungua kifaa kitakapowashwa mara ya kwanza. Wanaotumia K3s, toleo jepesi la Kubernetes, ule mfumo wa kusimamia kontena nyingi, wana kabati lililotengwa kwa kazi hiyo: weka mafaili katika /var/lib/rancher/k3s/agent/images/ na K3s itayapokea yenyewe ikiamka. Njia hii inafanya kazi, ila ina gharama zake. Imeji inakaa diskini mara mbili, ikiwa faili na ikiwa imefunguliwa, hadi mtu akumbuke kufuta faili. Memori kadi za bei nafuu zinaandika taratibu, kwa hiyo kuamka kwa mara ya kwanza kunavuta dakika nyingi. Na umeme ukikatika katikati, kama unavyopenda kukatika, ufunguaji unabaki nusu. Hati iliyoandikwa kwa haraka itadhani kazi imekwisha. Iliyoandikwa kwa makini itaanza upya.

Njia ya pili inamtesa fundi na kumpumzisha mtumiaji. Wakati mfumo unasukwa, ghala la ndani la Docker linajazwa karakanani na kunakiliwa likiwa limejaa. Hapo fundi inabidi aendeshe Docker yenyewe katikati ya usukaji, ahakikishe namna ya uhifadhi wa matabaka yanayounda imeji ni ileile itakayotumika kwenye kifaa, kisha aifunge diski kwa usafi. Kosa dogo, na kifaa kikiamka hakioni kitu. Ikifaulu, hakuna kufungua wala kusubiri: umeme unawaka, kontena zinaamka. Sisi tunaipendelea njia hii. Jasho la mtu mmoja kwa wiki moja ni nafuu kuliko subira ya watu elfu kila siku ya makabidhiano.

Njia yoyote utakayochagua, kuna mitego mitatu inayowanasa hata waliopakia imeji zao vizuri.

Wa kwanza ni lebo ya latest, yaani toleo la karibuni. Katika Kubernetes, imeji ikiwa na lebo hiyo, au ikiwa haina lebo kabisa, na fundi asiposema vinginevyo, mfumo huuliza ghalani kila mara kabla ya kuiwasha. Imeji ipo hapo hapo diskini, lakini kisanduku kinapiga hodi ng'ambo kuuliza kama kuna mpya zaidi, na kisipojibiwa kinagoma kuwasha. Ni kama mpishi mwenye mchele stoo anayekataa kupika hadi ampigie simu mwenye duka. Dawa ni kutaja toleo kwa namba, au kwa alama ndefu ya sha256 inayoitambulisha imeji moja na si nyingine, na kuuambia mfumo waziwazi: ukiwa nayo, usiulize.

Wa pili ni prosesa. Kompyuta mpakato nyingi za mafundi zina prosesa za ukoo wa Intel. Visanduku vingi vina za ukoo wa ARM. Docker isipoambiwa, inavuta imeji inayolingana na mashine iliyopo mbele yake. Fundi anapakia imeji zote, anahesabu gigabaiti, anaridhika. Kifaa kikifika kijijini kinaandika maneno matatu, exec format error, na kunyamaza. Imeji zimo zote, ila ni za mashine nyingine. Dawa ni kutaja prosesa wakati wa kuvuta, kisha kujaribu kwenye bodi halisi badala ya mpakato.

Wa tatu ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu unakuja baadaye. Kubernetes ina mfagizi. Diski ikijaa kupita asilimia 85, anaanza kufuta imeji zisizotumika wakati huo hadi ujazo ushuke asilimia 80. Penye mtandao mzuri hilo halina madhara, maana kilichofutwa kitavutwa tena. Kwenye kisanduku cha shule, imeji ya mazoezi ya kidato cha nne iliyolala tangu Desemba inafagiliwa Februari, na Machi inapohitajika haipo wala haipatikani. Imeji zilizopakiwa mapema sharti zifungwe pini ili mfagizi azipite, na namna ya kufanya hivyo ipo. Wengi hawaijui hadi siku wamelizwa.

Sasa tuwasikilize wanaotupinga, kwa maana wana hoja.

Wanasema: chakula cha jana huharibika. Imeji iliyopakiwa leo inabeba makosa ya leo, na kesho yakigunduliwa, visanduku elfu moja vilivyosambazwa vitakuwa na mlango wazi. Ni kweli. Desemba 2021 dunia iligundua tundu la Log4Shell katika Log4j, kipande cha programu kilichokuwa kimejificha ndani ya maelfu ya programu nyingine, na wenye imeji za zamani walihangaika kujua nani anacho na nani hana. Lakini hoja hiyo inadai masasisho, haidai sufuria tupu. Kifaa kije kimeshiba, na pia kiwe na njia ya kulishwa tena. Imeji zimejengwa kwa matabaka, hivyo kilichobadilika ni mara nyingi tabaka moja au mawili ya juu, na hayo tu ndiyo yanayohitaji kusafiri. Pasipo na mtandao kabisa, flashi ya fundi wa wilaya anayepita kila muhula inatosha. Na kila kisanduku kisafiri na orodha ya vilivyomo, toleo kwa toleo, ili siku tundu jipya likitangazwa mtu afungue orodha badala ya kufungua visanduku.

Wanasema pia: siri zitavuja. Hapa tunawaunga mkono bila kusitasita. Tumekuta imeji zenye nywila ya hifadhidata iliyoandikwa ndani na kisha "kufutwa". Ndani ya imeji, ulichofuta kwenye tabaka la juu bado kiko kwenye tabaka la chini. Kimefunikwa tu, na mwenye kujua atafunua. Ukipakia imeji hiyo kwenye visanduku 500, umegawa ufunguo mmoja kwa nyumba 500. Nywila na funguo zizaliwe kwenye kifaa chenyewe siku kinapoamka, kila kimoja na zake. Hiyo ndiyo kazi pekee tunayoikubali ifanyike mara ya kwanza kifaa kinapowashwa, na haihitaji intaneti.

Hoja ya tatu ni ukubwa, na hatutakaa nayo. Gigabaiti moja na nusu inakaa kwenye memori kadi ambayo kijana yeyote ananunua kuwekea nyimbo. Wanaohifadhi maarifa walishavuka hapo zamani: Kiwix inafunga Wikipedia nzima kwenye faili la kusomwa nje ya mtandao, na Kolibri ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya madarasa yasiyo na intaneti. Ni kichekesho kwamba tunajaza maktaba nzima kwenye kisanduku, kisha tunasahau programu ya kuifungua.

Tunadai nini basi?

Kwa wanunuzi wa umma, na hasa wanaoandika vigezo vya zabuni: ongezeni sentensi moja. "Kifaa kitawashwa mara ya kwanza bila mtandao wa aina yoyote na kitatoa huduma zake zote ndani ya dakika kumi." Haiongezi ukurasa, wala haimpendelei mzabuni yeyote. Inamchuja anayeuza sufuria. Ongezeni na ya pili: "Mzabuni ataonyesha namna kifaa kitakavyosasishwa pasipo mtandao." Zabuni yenye sentensi hizi mbili itaokoa fedha nyingi kuliko semina tatu za mabadiliko ya kidijitali.

Kwa wafadhili: mnapohesabu visanduku vilivyogawiwa, hesabuni vilivyowaka. Picha ya makabidhiano ipigwe kifaa kikiwa kinafanya kazi, na siyo kikiwa bado ndani ya nailoni.

Kwa vyuo vyetu vinavyofundisha uhandisi wa kompyuta: mwanafunzi anamaliza akijua kuandika docker pull kabla hajajua imeji inakaa wapi diskini. Mpeni zoezi moja la muhula. Asuke mfumo, apakie kontena tatu, kisha alete bodi kwenye chumba kisicho na mtandao na aiwashe mbele ya wenzake. Atakayefaulu hapo ana kazi ya kufanya kuanzia Kigoma hadi Lamu.

Na kwa mafundi, ambao wengi wao ni vijana waungwana wanaotumwa kwa mabasi ya alfajiri kwenda kubeba aibu za waliobaki ofisini: msikubali kusafiri na kifaa ambacho hamjakijaribu kikiwa kimenyimwa mtandao. Chomoa waya, zima Wi-Fi, toa laini ya simu, rudisha saa nyuma miezi sita, kisha washa. Kikiamka, panda basi. Kikigoma, heri kigome mbele yako kuliko mbele ya wanafunzi 40. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ghala la imeji lililoko bara jingine ni ndugu wa mbali sana.

Shule tuliyoanza nayo ilipata maktaba yake. Kijana aliondoka Jumatatu ile mstari wa bluu ukiwa asilimia 41. Alirudi Alhamisi na memori kadi nyingine mfukoni, ambayo yeye na mwenzake waliijaza mjini kwa usiku mmoja. Akaichomeka, akawasha, akarudi nyuma hatua mbili. Hakuomba vocha. Baada ya dakika nne, binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa anatazama moyo wa ng'ombe ukipasuliwa kwenye video ya baiolojia, na jirani yake amefumba macho.

Makamu mkuu wa shule alikisogelea kisanduku, akapinda kuangalia nyuma yake kama kuna waya wowote zaidi ya ule wa umeme. Hakukuta. Akachukua kalamu.

Fundi hakubadilika, kisanduku hakikubadilika, na shule ilikuwa palepale. Kilichowezekana Alhamisi kilikuwa kinawezekana Jumatatu, kama tu kuna mtu aliyekidai.